Mkono Uliofunzwa Kuachia

Mzazi atajapo barazani kwamba amemwandikisha mwanawe katika mafunzo ya judo au karate, aghalabu hakosi mtu mzima mmoja wa kumwuliza, kwa sauti ya upole ya mtu atoaye nasaha, kama hakupata jambo la maana zaidi la kumfunza mtoto kuliko kupiga watu. Swali hilo hupokewa kwa vichwa vinavyoafiki kila upande wa baraza, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki, na yule mzazi, ambaye asubuhi alikuwa na yakini, hurudi nyumbani kwake na shaka. Nimelisikia swali hilo mara nyingi, na kwa kuwa waliulizao si wajinga wala waovu, bali ni watu wenye mapenzi na watoto na wenye kuogopa siku za mbele, naona si adabu kulipuuza. Lastahili kujibiwa kwa ukamilifu, na jibu langu ni kwamba wamekosea.

Nikiieleza hoja yao kwa insafu, imesimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni kwamba mtoto hutenda alilofunzwa, na kwa hiyo afunzwaye kupigana atapigana, kama afunzwaye kuogelea aingiavyo baharini. Ya pili ni kwamba dini na mila zetu zimeusifu upole na zimeulaumu ubabe, na mtoto wa nyumba njema hapaswi kusifiwa kwa nguvu za mikono. Ya tatu ni kwamba mwili mchanga ni dhaifu, na mchezo wa kubwagana huweza kumwachia mtoto kilema cha maisha. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo upuuzi mtupu, lakini kila moja, ikipimwa kwa mizani ya akili na ushahidi, huelekea upande usiotazamiwa na wenyewe.

Nianze na asili, kwa maana dhana mbaya nyingi huzaliwa na kutojua kitu kilitoka wapi na kwa haja gani. Watu wengi wa miji yetu walijuana na sanaa hizi katika majumba ya sinema, walipomtazama Bruce Lee akiwalaza watu kumi kwa pumzi moja, wakaamini kwamba lililoonekana katika kitambaa cheupe ndilo lifundishwalo ukumbini. Laiti wangaliuliza ni akina nani waliozirekebisha sanaa hizi zikawafaa watoto, wangalistaajabu kuona kwamba walikuwa walimu wa shule. Katika kisiwa cha Okinawa, mwaka 1901, Anko Itosu aliiingiza karate katika shule ya watoto mjini Shuri, na kwa ajili ya wanafunzi wale wadogo akatunga mifululizo ya mienendo iliyo rahisi kuliko ile ya kale, ambayo hata leo hufundishwa kwa jina la Pinan. Na mwaka 1908 aliwaandikia wakuu wa elimu barua yenye mafunzo kumi, akiwasihi wayaone manufaa ya sanaa hiyo kwa wanafunzi. Mwanafunzi wake, Gichin Funakoshi, aliyekuwa mgonjwa mgonjwa utotoni, alishika chaki darasani kwa miaka mingi kabla ya kuionyesha karate mjini Tokyo mwaka 1922, na miongoni mwa kanuni alizowarithisha waliomfuata imo ile imkatazayo mwanakarate kuwa wa kwanza kunyosha mkono kwa shari.

Judo nayo ina habari iliyo sawa na hiyo. Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa mtoto mwenye akili nyingi na umbo dogo, na wenzake wa shule waliokuwa na miili mikubwa walimwonea hata akatafuta mtu wa kumfunza jujutsu. Mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka 21, alifungua ukumbi wake wa mafunzo, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji jijini Tokyo, katika chumba cha mikeka 12 na wanafunzi 9. Mtu aliyeonewa na kisha akapata nguvu angaliweza kutafuta kisasi. Kano alitafuta njia ya malezi. Aliichukua ile jujutsu iliyozaliwa vitani, akaziondoa katika mazoezi ya kushindana zile mbinu za kuvunja na kuua, akaipa jina lenye maana ya njia ya upole, na akaijenga juu ya misingi miwili: mtu atumie nguvu zake kwa namna iliyo bora kabisa, na manufaa yake yafungamane na manufaa ya mwenziwe. Huyo huyo ndiye aliyeongoza chuo cha juu cha kufundishia walimu jijini Tokyo kwa miaka zaidi ya 20. Basi asemaye kwamba sanaa hizi ni adui wa malezi amesahau kwamba zimepita mikononi mwa walezi kabla ya kumfikia mwanawe.

Lakini asili njema haitoshi, kwa kuwa hata mto wenye chemchemi safi huweza kuchafuka njiani. Natuingie ukumbini tuone mtoto hufunzwa nini hasa. Somo la kwanza la judo si kumwangusha mtu, bali ni kuanguka. Kwa siku nyingi mtoto hufunzwa kukaza kidevu chake kifuani ili kichwa kisigonge chini, kuuviringisha mgongo, na kuupiga mkeka kwa mkono mzima ili kishindo kitawanyike badala ya kukusanyika mahali pamoja. Ninamwomba msomaji alitafakari jambo hili, maana katika mafunzo yetu mengine yote mtoto hufunzwa kushinda, na kuanguka huhesabiwa kuwa aibu, akaja akawa mtu mzima aliyevunjika mara ya kwanza alipokosa kazi, au mke, au mtihani, kwa sababu hakuna aliyepata kumwonyesha jinsi ya kufika chini akiwa mzima. Mtoto wa judo huanguka mara mia kwa wiki mbele ya wenziwe, akainuka, akajifunga vizuri mkanda wake, akainama, akaanza tena. Na mtu aliyezoea hivyo tangu utoto hana sababu ya kuwapiga watu ili afiche khofu yake, kwa kuwa khofu ya kushindwa, ambayo ndiyo mama wa ugomvi mwingi wa wavulana, imekwisha kutolewa meno.

Somo jingine ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nilipata kukaa ukingoni mwa ukumbi mmoja mjini Unguja, ambako judo imekuwa ikifundishwa tangu miaka ya tisini, nikawatazama watoto wawili wa miaka minane au tisa wakishindana chini mkekani. Mmoja, aliyekuwa na nguvu zaidi, alimkamata mwenziwe barabara hata asiweze kujinasua. Yule aliyekamatwa aliupiga mkeka mara mbili kwa kiganja, kwa sauti ndogo ambayo mtu wa nje asingeitambua, na papo hapo mwenye nguvu aliachia. Hakuambiwa na mwalimu, hakusita, wala hakuongeza hata kidogo ili aonje ladha ya ushindi. Aliachia, akampa mwenziwe mkono, wote wawili wakasimama na kuinamiana. Nikajiuliza ni wapi pengine katika maisha ya mtoto wa kiume panapomfunza jambo kama hilo, mara kumi kwa jioni moja, kwamba mnyonge akisema basi, mwenye nguvu huacha. Na kwamba kusema basi si fedheha, bali ni haki iliyowekewa alama na inayoheshimiwa na wote. Nilitafuta jibu njia nzima ya kurudi nyumbani, nisilipate.

Hapo ndipo nguzo ya kwanza inapotikisika. Ni kweli kwamba mtoto hutenda alilofunzwa, lakini ni lazima tuone alilofunzwa ni lipi. Wapinzani wetu huona mkono ukishika, wakafikiri somo ni kushika. Hawauoni ukiachia, na huko ndiko liliko somo. Tena, ikiwa wanaogopa mtoto kufunzwa matumizi ya nguvu, wamechelewa mno, kwa maana amekwisha kufunzwa zamani na sisi wenyewe. Mtoto achapwaye bakora nyumbani kwa kuvunja kikombe, na achapwaye tena shuleni kwa kukosea hesabu, amepata darasa refu kuhusu nguvu, na alilolielewa ni kwamba aliye mkubwa humpiga aliye mdogo, na kwamba hakuna kiganja kinachoweza kuipiga sakafu mara mbili kikamfanya mpigaji aache. Akitoka hapo akampiga mdogo wake, hakuhitaji mwalimu kutoka Japani kumwonyesha njia. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na katika jambo la ugomvi ulimwengu una walimu wengi katika kila kichochoro, wala hakuna hata mmoja wao amfunzaye mtoto kuinama.

Wala sisemi haya kwa mapenzi na dhana peke yake, kwa kuwa wako wataalamu waliolipima jambo hili. Nchini Marekani, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1986, Michael Trulson aliwachukua vijana wa miaka 13 hadi 17 waliokwisha kuelekea katika uhalifu, akawagawa mafungu matatu kwa muda wa miezi sita. Fungu la kwanza lilifunzwa sanaa ya mapigano ya taekwondo kwa namna ya kale, pamoja na heshima zake, utulivu wake na hekima yake. La pili lilifunzwa mapigano matupu, bila ya adabu hizo. Na la tatu lilishughulishwa na michezo mingine ya kuuchosha mwili. Waliofunzwa kwa namna ya kale walipungukiwa na ukali wao, ilhali wale waliofunzwa mapigano matupu walizidi kuwa wakali. Walikuwa wachache, hawafiki hata arobaini, na kwa hiyo sitaki kuupa uchunguzi huo uzito usio wake. Lakini mwaka 2004 Kimberley Lakes na William Hoyt walichapisha mwingine uliohusu watoto 207 wa shule, tangu wa chekechea hadi wa darasa la tano. Baadhi yao walifunzwa taekwondo kwa miezi mitatu badala ya mazoezi ya kawaida ya viungo, na hao waliwazidi wenzao katika kuzitawala fikira na hisia zao, katika wema wao kwa wengine, katika mwenendo wa darasani, na hata katika hesabu za kichwani. Watoto hao walizoezwa kujiuliza maswali matatu: nipo wapi, ninafanya nini, na ninapaswa kufanya nini. Mtoto awezaye kujiuliza hayo huku moyo wake unamwenda mbio ameanza kuwa mtu mzima kabla ya wakati, kwa maana nzuri ya neno hilo.

Muadilifu hafichi ushahidi ulio dhidi yake, na upo. Inger Endresen na Dan Olweus, wa Norway, walichapisha mwaka 2005 uchunguzi juu ya wavulana 477 wa umri wa miaka 11 hadi 13, wakaona kwamba waliojiingiza katika michezo ya nguvu, yaani ngumi, mieleka, kunyanyua vyuma na sanaa za mapigano za mashariki, walizidi katika ugomvi na mwenendo mbaya. Wapinzani wetu wakiupata ushahidi huu wataushangilia, nami nawaomba wautazame kwa utulivu. Miongoni mwa michezo hiyo minne umo wa kunyanyua vyuma, na anyanyuaye chuma hampigi mtu, wala hafunzwi kumpiga. Ikiwa mchezo usio na adui nao umetiwa katika fungu la michezo iliyoandamana na ugomvi, basi sumu haikutoka katika ujuzi wa kupiga, bali katika aina ya watu wanaokusanyika, katika maneno wanayoambizana, na katika picha ya uanaume wanayoiabudu. Nalo ndilo lile lile lililodhihirika kwa vijana wa Trulson: ukimpa kijana pigo ukamnyima adabu, umemharibu, ukimpa vyote viwili kwa pamoja, umemjenga. Ushahidi wa Norway haumkatazi mzazi kumpeleka mtoto ukumbini. Unamkataza kumpeleka akiwa amefumba macho.

Sasa niigeukie nguzo ya pili, ambayo kwa watu wa pwani ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Wazee wengi hunikumbusha mafunzo ya Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, kwamba mwenye nguvu si yule awabwagaye watu katika mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Nayapokea mafunzo hayo kwa moyo wote, na nasema hakuna hujja iliyo bora kuliko hiyo kwa upande wangu. Maana nauliza, ghadhabu humilikiwa wapi? Haimilikiwi katika kitabu wala katika mawaidha, kama kuogelea kusivyofunzwa juu ya jamvi. Humilikiwa pale inapowaka, mtu anapobwagwa mbele ya wenziwe na damu ikampanda usoni, na sheria ya mahali ikamtaka ainame na kumshukuru aliyembwaga. Mtoto asiyepata kuingia katika jaribio kama hilo huenda akawa mtulivu, lakini hatujui kama ni mpole au ni mnyonge, na mwenyewe hajui. Upole wa asiyeweza ni unyonge uliovaa kanzu ya sikukuu. Upole wa kweli ni wa yule ambaye mkono wake unaweza, na yeye akauzuia.

Wala mila zetu hazikuwa ngeni kwa jambo hili kama tunavyojidai. Katika kirumbizi, ambacho watu wa Lamu, Mombasa na Unguja wamekicheza katika arusi na sikukuu, wanaume wawili hukabiliana kwa fimbo katikati ya duara, mmoja akapiga na mwenziwe akakinga, na ngoma na zumari zikawafunga wote wawili katika mwendo mmoja. Huko Makunduchi, kila mwaka unapogeuka kwa hesabu ya kale, wanaume hupigana kwa magogo ya migomba katika sherehe ya Mwaka Kogwa, ili chuki za mwaka uliopita zitoke hadharani na zisivuke kuingia katika mwaka mpya. Mababu zetu, ambao hatuwezi kuwashutumu kwa kukosa adabu, walijua kwamba nguvu za vijana hazifutiki kwa kuharamishwa. Huwekewa duara, mashahidi na mwisho. Ukumbi wa judo ni duara hilo hilo lililopata paa.

Nguzo ya tatu, ya kuumia, sitaipita kwa wepesi, kwa sababu ndiyo yenye machozi. Nchini Japani kwenyewe, ambako mwaka 2012 sanaa za kujihami zilifanywa somo la lazima kwa watoto wa miaka ya kwanza ya sekondari, iligunduliwa kwamba wanafunzi zaidi ya 100 walikuwa wamefariki katika judo ya shuleni tangu mwaka 1983, wengi kwa kuumia kichwa, na miongoni mwao wamo waliobwagwa na walimu au wakubwa wao kabla hawajaimudu sawasawa elimu ya kuanguka. Hii ni fedheha, na asiyeisema hana haki ya kuandika makala kama haya. Lakini itazameni Ufaransa, yenye wachezaji wa judo walioandikishwa wengi kuliko Japani yenyewe, na wengi wao wakiwa watoto, ambayo haikupata msiba wa kadiri hiyo. Wafaransa walipitisha sheria mwaka 1955 kwamba hakuna mtu atakayefundisha judo bila ya shahada itambulikanayo na dola, na kutani mwa kumbi zao wameandika fadhila nane, tangu heshima na unyenyekevu hadi kujimiliki na urafiki, ili mtoto azione kabla hajamshika mwenziwe. Tofauti ya nchi hizi mbili haipo katika mchezo, kwa kuwa mchezo ni mmoja. Ipo kwa mwalimu, na kwa dola iliyojali kujua ni nani anayejiita mwalimu.

Hapa basi ndipo hofu ya wazee wetu ingalipaswa kuelekezwa, badala ya kumwagwa juu ya jambo zima kama maji ya kuzimia moto penye mshumaa. Tangu Dar es Salaam hadi Mombasa, mtu aweza kununua mkanda mweusi sokoni, akaufunga kiunoni, akakusanya watoto uwanjani, na hakuna amwulizaye aliupata kwa nani. Huyo ndiye wa kuogopwa. Mzazi aende mwenyewe, akae ukingoni kwa siku mbili tatu, atazame kama watoto wamefunzwa kuanguka kabla ya kubwagana; kama mwalimu huinama kwa mtoto kama mtoto ainamavyo kwake; kama wadogo hutenganishwa na wakubwa; kama mtoto wa kike hupewa mafunzo yale yale kwa staha ile ile; kama mwenye kuumwa kichwa hupumzishwa au huitwa mwoga. Akiona mwalimu anayempiga mtoto kwa hasira, au anayewasifu watoto kwa kuumizana, amshike mwanawe mkono aondoke naye, wala asirudi. Na serikali zetu, ambazo hudai shahada kwa mtu wa kufundisha hesabu, hazina udhuru wa kutoidai kwa mtu tunayemkabidhi shingo za watoto wetu.

Wazee wangu wa barazani, sikuandika ili niwavunjie heshima, kwa kuwa shaka yenu imetoka katika mapenzi, nami nataka mapenzi hayo yafanye kazi iliyo bora. Mtoto wenu ana mikono miwili, nayo itakuwa na nguvu mtake msitake. Miaka michache tu, na mvulana mnayembeba leo ataweza kumwumiza mdogo wake, mkewe, jirani yake. Lililo katika uwezo wetu si kuzizuia nguvu zisije, bali ni kuziwekea adabu kabla hazijafika. Basi mkimwona mtoto akienda na mkoba wake jioni, msimwulize tena mzazi kwa nini anamfunza mwanawe kupiga. Mwulizeni kama mwalimu amekwisha kumfunza kuachia. Na akijibu kwamba amemfunza, mwacheni mtoto aende.